Ndiyo Niliyompa Daktari wa Farasi

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ni ile aliyozaa Bibi Mkubwa, farasi jike wa arbab wetu, yaani tajiri wetu, asubuhi jua limeshachomoza na mimi nimevaa gambuti za mtu mwingine. Harusini kwangu nilikuwa nasinzia, maana safari ya kutoka Dubai hadi Kondoa ilikuwa ndefu na likizo ilikuwa fupi. Siku ya farasi nilikuwa macho kabisa, na kila nilichokosea nilikikosea huku naona.

Mwanangu, kaa kidogo. Najua una zamu ghalani kule karibu na uwanja wa ndege, na basi la kutoka hapa International City halimngoji mtu. Sitakuchelewesha. Lakini jana nilikusikia ukiongea na mkubwa wako kwenye simu, yes sir, yes sir, yes sir, na ulipokata nikakuuliza amesema nini. Ukaniambia, "Sijaelewa vizuri, Babu, ila nimemkubalia." Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa unakula. Leo umeshiba, kwa hiyo sikiliza.

Nilikuja huku nikiwa na umri kama wako. Kwetu Kondoa tulilima kwa maksai, na mimi tangu utoto nilijua kuwafunga nira na kushika plau isiyumbe. Kiingereza sikukijua. Aliyenihoji Dar es Salaam aliuliza maswali manne kwa Kiingereza, nikayajibu yote yes, na hadi leo sijui mawili kati yake yaliuliza nini. Akacheka, akagonga muhuri. Kwa hiyo yes ndiyo iliyonipandisha ndege, na ni vigumu mtu kulitilia shaka neno lililompandisha ndege.

Shamba lilikuwa nje ya mji, upande wa jangwani. Majirani walifuga ngamia, na wachache walifuga farasi wa mbio, wale wembamba ambao bei ya mmoja unanunua ghorofa. Arbab wetu alikuwa na yake. Alisoma Ulaya, huko akawaona farasi wazito wanaokokota plau na mikokoteni, akawapenda, na alipopata uwezo akaleta majike manne na dume moja kwenye mchanga huu. Watu walimcheka. Mnyama wa nchi za baridi, mwenye manyoya yaliyoshuka hadi yakafunika kwato, umlete Dubai! Yeye akajenga mabanda marefu yenye mapanka na mabomba ya kunyunyizia maji, akapanda majani ya kuwalisha, akaanza kuzalisha. Watoto waliozaliwa walifundishwa kukokota magari ya harusi, na pale shambani walivuta haro na matela ya majani. Miaka michache baadaye wale waliomcheka walikuwa wanampigia simu kuulizia kama kuna mtoto wa kuuza.

Mimi niliyezoea maksai, nilipomwona Bibi Mkubwa mara ya kwanza nilitazama kwanza mlango uko wapi. Kwato yake moja ilitosha sahani ya pilau ya watu wawili. Jina hilo tulimpa sisi watunzaji. La kwenye karatasi zake lilikuwa refu na hakuna aliyeweza kulitamka. Lakini hakuwa na ukorofi wowote. Nilipokuwa nimechuchumaa kumkausha manyoya ya miguu ili asipate upele, alikuwa akiniwekea pua shingoni na kunipumulia hadi nimalize. Nilimpenda yule mnyama, nasema hivyo bila kuzunguka.

Msimamizi wetu aliitwa Bwana Nassor, mtu wa familia ya zamani ya Unguja, aliyeingia huku kijana na akazeekea huku, na Kiunguja chake hakikuwahi kupata vumbi. Kiarabu alikijua kama wenyewe, Kiingereza alikijua cha kumtosha. Yeye ndiye aliyenifundisha usaisi, yaani kazi ya kutunza farasi. Alinifundisha bila kunipigia kelele, na asiyekupigia kelele ndiye unayemwogopa zaidi.

Alinifundisha kwamba kwa farasi, hasa hawa wazito, mtoto kutoka si mwisho wa kuzaa. Kondo la nyuma lazima litoke ndani ya saa tatu. Ng'ombe wa kwetu anaweza kutembea nalo siku nzima huku anakula majani yake. Farasi likizidi muda linamwozea tumboni, sumu inaingia kwenye damu na kushukia kwatoni, na mnyama wa karibu tani moja akishaharibika kwato hana pa kusimama. Halivutwi kwa mkono. Hufungwa fundo lisikanyagwe. Likitoka linatandazwa chini na kukaguliwa kama ni zima, maana lina umbo la suruali, na ukiona mguu mmoja haupo ujue umebaki ndani. Niliposikia suruali nilicheka. Bwana Nassor alisubiri nimalize kucheka, kisha akanitaka nirudie yote aliyosema.

Basi siku hiyo Bibi Mkubwa alizaa kama saa moja asubuhi, mtoto jike, mweusi, mwenye miguu mirefu asiyojua aipeleke wapi. Alianguka mara tatu, mara ya nne akasimama, akatafuta ziwa akalipata. Bwana Nassor alikuwa na miadi hospitalini ya kutazamwa jicho, miadi aliyoingoja muda mrefu, na gari lilikuwa linamngoja. Simu ya banda ilikuwa moja. Akaniachia mimi.

"Kondo halijatoka," akaniambia. "Ikigonga saa nne nalo halijatoka, mpigie daktari. Usingoje hata dakika tano. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bwana."

Akaenda. Nikalifunga fundo, nikafagia, nikakaa juu ya ndoo nikitazama saa ya ukutani. Saa tatu halijatoka. Saa tatu na nusu halijatoka. Zilipobaki dakika chache kufika saa nne simu ikalia yenyewe. Ni daktari. Alikuwa mama wa Kizungu, hodari, anayeongea haraka, na arbab alikuwa ameshampa habari za uzazi. Akauliza hali ya mama, nikamwambia yes. Akauliza hali ya mtoto, nikamwambia yes. Kisha akauliza swali ambalo nililielewa lote, neno kwa neno, hata nikafurahi kwamba Kiingereza kinaanza kuniingia. Aliuliza kama hivi tunavyosema sisi: "Kondo halijatoka?"

Na kweli halikuwa limetoka. Nikamjibu, "Yes, madam."

"Good," akasema. "Very good. Nitakuja kesho." Akakata.

Hapo mwanangu, nataka ujue nilivyokuwa. Nilibaki na simu mkononi, na kifua changu kikaniambia kuna kitu hakijakaa sawa. Vizuri kwa lipi? Bwana Nassor amesema ni hatari, huyu anasema vizuri sana na atakuja kesho. Nilijua kabisa kwamba maneno hayo mawili hayakai chungu kimoja. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kumpigia tena. Nikawaza nitamwambia nini. Nitamuuliza vipi kwa Kiingereza, naye atajua kwamba yule kijana wa yes yes hana lugha, atamwambia arbab, na arbab ataulizia nilipitaje Dar es Salaam. Nikajiambia, daktari ni daktari, amesoma, mimi nani? Huenda kuna farasi wa namna hii ambao kwao ni sawa. Nikairudisha simu mfukoni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi methali hiyo niliijua tangu darasa la kwanza, tena niliwahi kuiandika ubaoni.

Nikangoja. Adhuhuri ikapita. Bibi Mkubwa akaacha kula, nikajiambia amechoka. Alasiri Bwana Nassor akarudi, jicho moja limefunikwa bandeji, na kwa hilo moja lililobaki akaliona kondo linaning'inia kabla hajafika mlangoni.

"Daktari kasemaje?"

"Nimemwambia halijatoka, Bwana. Akasema vizuri, atakuja kesho."

Aliichukua simu mkononi mwangu na kupiga, na kabla hatujamaliza kumpoza farasi kwa maji daktari alikuwa ameshafika. Aliliona, akanigeukia mimi, akageukia saa. Nilisikia akisema kwa Kiingereza, "Aliniambia limetoka." Nikasikia, nikaelewa, nikakasirika. Mimi! Mimi niliyemwambia wazi!

Walifanya kazi pale wote wawili. Wakamwosha tumbo, wakamchoma sindano, kondo likatoka vipande vipande, na miguu miwili ya ile suruali ikapatikana. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Homa ilipanda. Siku ya tatu Bibi Mkubwa akaanza kusimama kwa kuegemea nyuma, kama mtu anayekanyaga makaa. Tukamlaza juu ya mchanga laini, tukamfunga barafu miguuni, lakini wapi. Siku ya sita daktari alimwambia arbab kwamba kumwacha hai ni kumtesa. Arbab alikwenda akamshika masikio, akakaa naye kidogo, kisha akatoka bila kututazama. Sindano ilipigwa mbele yangu. Alilala kwa uzito mmoja, na mtoto wake alikuwa banda la pili analia.

Sasa sikiliza ubaya wangu ulipo, maana wengi nikiwasimulia hudhani hadithi imeishia hapo. Siku zote hizo sita nilikuwa nikiwaeleza wenzangu chumbani jinsi daktari Mzungu alivyopuuza. Nimemwambia halijatoka, akasema vizuri! Wenzangu walisikitika, wakanitengenezea chai. Kila nilivyoisimulia ndivyo ilivyozidi kunyooka. Nikawa naamini kabisa, isipokuwa kile kidole juu ya kitufe. Hicho sikukisimulia kwa mtu.

Arbab alituita barazani kesho yake. Alikuwa yeye, daktari, Bwana Nassor na mimi. Arbab alizungumza kwa Kiarabu taratibu, Bwana Nassor akanifasiria. Alisema amepata habari kutoka kwa watumishi kwamba daktari aliarifiwa mapema na hakuja. Kama ni kweli, hatamkanyagisha tena shambani mwake, na atawaambia wafugaji wenzake wote, na ataandika barua kwa wanaohusika na vibali vya madaktari wa mifugo. Anataka kulisikia kwa kinywa changu.

Nikamtazama daktari. Alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, amenyooka, mwekundu usoni. Alisema, "Nilimuuliza. Akasema yes."

Nami nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeonewa: "Nilimwambia halijatoka."

Hakuna kati yetu aliyekuwa anadanganya, mwanangu. Hilo ndilo lililonitisha baadaye kuliko uwongo wowote.

Arbab akamwambia Bwana Nassor, "Yalla, fasiri." Bwana Nassor hakufasiri. Alinigeukia na jicho lake moja.

"Kabla sijalipeleka neno hilo, hebu n'ambie. Yeye alikuuliza vipi?"

"Aliuliza, halijatoka?"

"Nawe ukasema?"

"Yes."

Akavuta pumzi. Akauliza taratibu, "Na aliposema 'good', hukushangaa?"

Nikajibu, "Ndiyo."

"Ndiyo ipi hiyo, yakhe? Ndiyo ulishangaa, au ndiyo hukushangaa?"

Nilikuwa nimelirudia lile lile neno, mbele yao wote, na safari hii nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Ningeweza kusema sikushangaa, na Bwana Nassor angefasiri, na yule mama angeondoka pale jina lake limeharibika. Hakuna aliyeona kidole changu. Nilitazama chini, nikaona zile gambuti za kuazima bado zina uchafu wa bandani kwa Bibi Mkubwa.

"Nilishangaa," nikasema. "Nilijua kuna kitu si sawa. Nilitaka kumpigia tena, nikaona haya kwa sababu sijui Kiingereza. Nikaacha."

Bwana Nassor alifasiri yote, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, hakupunguza wala hakunipamba. Arbab alisikiliza hadi mwisho. Akamwomba radhi daktari, tena akasimama kumwomba. Kisha akasema kitu kimoja kwangu, na Bwana Nassor akanifasiria: "Anasema, mtoto hana mama sasa. Utamlea wewe. Na siku utakayoona haya kuuliza jambo lake, ondoka kabla hujaliacha. Khalas, yameisha."

Tulipotoka nje nilidhani Bwana Nassor atanifariji. Alinipeleka pembeni, kwenye marobota ya majani, akanikalisha.

"Sikiliza, wewe. Mswahili ukimuuliza 'hujala?' akajibu ndiyo, anakubaliana na ulivyosema: hajala. Mzungu umuulize vile vile, akijibu yes, basi keshakula, keshashiba na mikono kanawa. Ndiyo yetu inamkubali msemaji, yes yao inalikubali jambo. Hilo hukulijua, na mie sikulaumu. Mimi mwenyewe nilipofika huku walikuwa wakiniuliza 'hujala?' nasema yes, nikashinda njaa siku nzima nikiwaona watu wabaya. Lakini uliposhangaa, hapo ulikwishajua. Ulijua nguo imechanika, ukaikalia. Mficha uchi hazai, nawe umeuficha hadi kafa aliyezaa."

Akainuka. "Na hiyo hadithi uliyowapa wenzio chumbani, leo hii hii uirudie, na kidole chako ukitie ndani."

Nikairudia. Ilikuwa chakula kigumu kuliko vyote nilivyokula huku. Siku hiyo hakuna aliyenitengenezea chai.

Yule mtoto aliishi. Daktari alinifundisha kumchanganyia maziwa ya unga na kumnywesha kwa ndoo, na tangu wakati ule hakuniuliza tena swali la namna ile. Aliuliza, "Limo ndani au liko nje? Amekula au bado?" Nami nikajifunza kumjibu jambo zima hata kama Kiingereza changu kilikuwa kinachechemea: amekula nusu ndoo, hajanya tangu asubuhi, sijakuelewa, rudia tafadhali. Mara ya kwanza kumwambia "sijakuelewa" nilidhani dari litaniangukia. Alirudia tu, taratibu zaidi, tukaendelea na kazi. Mtoto alipokua alikuwa mzito kuliko mama yake. Akauzwa kwenye emirati nyingine, sikumwona tena.

Sikwambii haya ili uwe bingwa wa Kiingereza. Mimi mpaka leo si bingwa, na nimeishi. Nakwambia hivi: usimpe mtu "ndiyo" tupu. Kila ndiyo iwe na jambo lake nyuma, lililotamkwa hadi mwisho, ili hata anayesikia kwa lugha nyingine asikose pa kulishika. Akikuuliza kama mzigo haujafika, mwambie mzigo haujafika. Na ukisikia amefurahi mahali ambapo wewe ungetishika, au ametishika mahali ambapo wewe ungefurahi, jua hapo hamjaelewana, na mwenye kujua hilo wa kwanza ndiye mwenye deni la kuuliza. Usiseme yeye ni mkubwa, amesoma. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hata ukijikwaa ulimi, mwanangu, simama uinuke hapo hapo. Haya ya kuuliza hudumu kwa dakika moja. Mimi haya ya kutouliza ninayo hadi leo, na nimeshaota mvi.

Na ukweli usiupime kwa kinywa chako peke yake. Unaweza kusema kweli tupu na mwenzako akaangamia kwa kweli yako, kama ulikwishaona kwamba haikumfikia.

Haya nenda, basi lako lisikuache, na Mwenyezi Mungu akutangulie katika kazi yako. Akupe wakubwa wanaorudia maneno bila kukereka, na akupe ulimi usioona aibu kusema "sijaelewa". Akuepushe na kiumbe chochote kupotea kwa sababu ulinyamaza. Na siku ukikosea, maana utakosea, akuwekee karibu mtu wa kukuuliza "ndiyo ipi?", na akujaalie ujasiri wa kumjibu.